Arobaini ya Mzazi: Historia ya Matunzo ya Mama Anayenyonyesha

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, mwanamke aliyejifungua alitengewa siku 40 ambazo hakutakiwa kuteka maji, kupika wala kufagia. Muda huo huitwa arobaini, naye mwenyewe kwa siku hizo huitwa mzazi, na shughuli zake zilikuwa mbili tu: kupona na kunyonyesha. Ikiwa ni uzazi wa kwanza, mara nyingi alirudi kwao miezi ya mwisho ya mimba ili ajifungulie mikononi mwa mama yake, kwani mambo ya ziwa, ya kidonda na ya usingizi ni mepesi kumwambia mama kuliko mkwe. Mume alihama chumba. Mkunga aliyezalisha aliendelea kuja kumwosha mtoto na kumtazama mama, na jirani hakuingia mikono mitupu.

Hesabu ya siku hizo ina msingi katika dini. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, damu ya nifasi kwa kawaida huchukua siku 40, na upeo wake ni siku 60. Katika muda huo mwanamke hasali wala hafungi, na mumewe hamkaribii. Juu ya hukumu hiyo ya ibada watu wa pwani walijenga utaratibu mzima wa kumpumzisha mzazi. Kurani nayo imeligusa suala la kunyonyesha kwa uwazi: aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuitimiza, inamwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama anayenyonyesha, na inaruhusu mtoto aachishwe mapema ikiwa wazazi wote wawili wameshauriana na kuridhiana. Anayenyonyesha ameruhusiwa pia kula mchana wa Ramadhani. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, Mashafii humtaka alipe siku hizo na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku aliyokula. Sheria hii ilikwisha kutambua kwamba kunyonyesha ni kazi yenye gharama, na kwamba gharama hiyo haifai kubebwa na mama peke yake. Jambo hilo lilikuja kusahauliwa na wengi katika karne ya 20.

Matunzo yenyewe yalikuwa mikononi mwa wanawake wazima. Kila siku mzazi alikandwa kwa maji ya moto: kitambaa kilichovywa, kikakamuliwa, kikabandikwa tumboni, kiunoni na mgongoni, kikabadilishwa kabla ya kupoa. Baadaye tumbo lilifungwa kwa mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa kwa kukazwa. Mkaja huu na mbeleko ya kumbebea mtoto vilikuwa na heshima kubwa kiasi cha kuingia katika taratibu za ndoa. Katika sehemu nyingi za Uswahilini, pamoja na mahari, upande wa bwana arusi hutoa vitu au fedha zinazoitwa mkaja na ubeleko, nazo humwendea mama wa bibi arusi kwa kutambua kwamba alijifunga na kubeba ili binti huyo afike hapo alipo.

Chakula kilikuwa sehemu ya pili ya matunzo, nacho kilikuwa cha majimaji na cha moto. Uji wa pilipili manga ndio uliotangulia, kisha supu ya kuku au ya mbuzi, mchuzi wa samaki, supu ya pweza, chai ya tangawizi. Uwatu ulilowekwa au kuchemshwa, na mzazi akanywa ili maziwa yajae. Imani hiyo wanashirikiana watu wa pwani na jirani zao wa Uarabuni na Bara Hindi. Tafiti juu ya uwatu hadi sasa ni chache na hazijaafikiana, kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba mbegu hizo zenyewe huongeza maziwa. Lakini mama anayenyonyesha mtoto asiyepewa kitu kingine hutoa takriban mililita 750 za maziwa kwa siku, na mwili wake huhitaji kilokalori zipatazo 500 zaidi ya kawaida. Bakuli la uji linaloletwa kitandani bila kuombwa linajibu mahitaji hayo moja kwa moja, uwe na pilipili manga au usiwe nayo.

Elimu ya mwili iliyopatikana baadaye inasaidia kueleza kwa nini utaratibu huo ulifaa. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotoka. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayoamrisha maziwa yatengenezwe, na oksitosini, inayobana vifuko vya maziwa ili yatiririke. Prolaktini hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kumweka mtoto ubavuni mwa mama na kumnyonyesha usiku kunasaidia. Oksitosini huzuilika kwa maumivu, hofu na fadhaa, nayo hutoka vizuri mama akiwa na joto, utulivu na moyo uliotua. Mzazi aliyekandwa, akashibishwa, akaondolewa kazi na kulala na mwanawe alikuwa amewekewa karibu kila kinachohitajika. Kasoro ilikuwa katika kukanda kwenyewe pale maji yalipozidi moto, kwani wapo waliobabuka.

Arobaini haikuwa ya Waswahili peke yao. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walimweka mzazi ndani kwa muda mrefu zaidi, takriban miezi mitatu, akilishwa vyakula vyenye mafuta, nyama na maziwa. Otto Raum, aliyezaliwa na kukulia huko katika familia ya wamisionari, aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake Chaga Childhood cha mwaka 1940. Mtori, ndizi zilizopikwa na nyama hadi kuwa supu nzito, ulijulikana hasa kama chakula cha mzazi kabla ya kuingia katika hoteli za miji yote ya Tanzania. Leo mtu wa Dar es Salaam hunywa mtori asubuhi kabla ya kwenda kazini bila kujua kwamba anakula kilichopikwa awali kwa ajili ya wanaonyonyesha.

Maandishi ya zamani kuhusu uzazi wa pwani ni machache lakini yapo. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake nchini Ujerumani mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi watoto wa jumba la sultani walivyoviringishwa nguo katika siku zao za mwanzo na kunyolewa nywele siku ya 40. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo, aliandika juu ya mimba, uzazi na malezi katika Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Ukisoma kumbukumbu za Ruete, jambo moja halipitiki kimya: katika nyumba za wakubwa, raha ya bibi ilitegemea mwili wa mwanamke mwingine. Mayaya walionyonyesha watoto wa jumba walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Yaya alipata heshima fulani kwa aliyemnyonyesha, na sheria ya Kiislamu ilimfanya mama wa kunyonya: kwa Mashafii, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili huwa ndugu wa watoto wa aliyemnyonyesha, na hawezi kuoana nao. Lakini undugu huo haukumpa yaya uhuru wala kumhakikishia siku 40 za kumpakata mwanawe mwenyewe.

Desturi ilikuwa pia na upungufu wake uliowaumiza watoto. Dang'a, maziwa ya kwanza yenye rangi ya manjano, katika jamii nyingi yalidhaniwa kuwa machafu yakakamuliwa na kumwagwa. Ndiyo maziwa yenye kinga nyingi kuliko yote yanayofuata, na yanatoka kidogo kidogo kwa sababu tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Kwa kuwa ziwa lilionekana tupu, mtoto alipewa maji ya sukari, uji mwepesi au dawa za chango kabla ya siku ya tatu. Kila kijiko cha maji kilipunguza hamu ya kunyonya, na kila mnyonyo uliokosekana ulichelewesha maziwa kuja. Maziwa yakija kwa wingi na kukuta mtoto ameshiba, matiti hujaa, huwa magumu na kuuma, chuchu hujibana, mtoto hushindwa kushika, na kinachofuata huwa michubuko, homa na pengine jipu. Maumivu mengi yaliyosemwa kuwa ya kawaida ya uzazi yalianzia hapo.

Hospitali ilipoingia ilikuja na faida kubwa na hasara isiyokusudiwa. Nairobi, hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianza mwaka 1926 ikiwa na jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa Kenya wa wakati huo. Kama hospitali nyingine za miongo iliyofuata, iliokoa kina mama waliokuwa wakifa kwa kutoka damu na kwa uzazi uliokwama. Lakini mafundisho ya malezi yaliyotawala katika himaya ya Waingereza yalikuwa yale ya Truby King, daktari wa New Zealand, aliyeanzisha mwaka 1907 chama kilichokuja kuitwa Plunket. Aliunga mkono kwa nguvu maziwa ya mama, ila aliyataka yatolewe kwa saa: kila baada ya saa nne, usiku hapana, na mtoto asibembelezwe sana. Katika wodi zilizofuata mtindo huo duniani kote, mtoto alipelekwa chumba cha watoto, akapewa maji ya glukosi, akaletwa kwa mama saa ilipofika. Bibi na shangazi waliruhusiwa kuja wakati wa kutazama wagonjwa tu. Mikono iliyozoea kumwelekeza mzazi namna ya kumpakata mtoto ikabaki nje ya lango, na ndani wauguzi walikuwa wachache na kazi zilikuwa nyingi.

Wakati huohuo kopo la maziwa ya unga lilikuwa likitafuta wateja. Chakula cha kutengenezwa cha watoto kilibuniwa Ulaya katika miaka ya 1860, kwa kazi ya Justus von Liebig nchini Ujerumani na Henri Nestlé nchini Uswisi. Kwa mtoto aliyefiwa na mama kilikuwa mkombozi. Kilipopelekwa katika nchi ambazo maji safi, kuni na kipato vilikuwa haba, matokeo yalikuwa mengine. Mwaka 1939, daktari Cicely Williams, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameueleza ugonjwa wa kwashiorkor kutokana na kazi yake huko Gold Coast, alisimama mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore na kusema kwamba vifo vya watoto vinavyotokana na upotoshaji kuhusu chakula cha watoto vihesabiwe kuwa mauaji. Afrika Mashariki ilitoa sauti yake katika mjadala huo kupitia Kampala: Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, alikuja kuuita utapiamlo wa aina hii kuwa ni utapiamlo uliozaliwa na biashara.

Mambo yalipamba moto miaka ya 1970. Shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu cha Mike Muller mwaka 1974, na mwaka uliofuata filamu ya Peter Krieg, Bottle Babies, iliyopigwa nchini Kenya, ilionyesha watoto wa familia maskini wakinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji kupita kiasi. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Hatimaye, Mei 1981, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Mbadala wa Maziwa ya Mama kwa kura 118, huku Marekani ikiwa nchi pekee iliyopinga. Kanuni hizo zilikataza kutangaza bidhaa hizo kwa umma, kuwapa kina mama sampuli za bure na kuvitumia vituo vya afya kuwa mahali pa biashara. Kenya iliandaa kanuni zake mwaka 1983, na sheria kamili ya Bunge ikaja mwaka 2012. Tanzania, ambayo ilikuwa na Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973, ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Kuzuia matangazo hakukutosha kumfundisha mama ambaye chuchu zake zinatoka damu. Hilo lilifanyiwa kazi baada ya mwaka 1989, WHO na UNICEF walipotoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, zikawa msingi wa mpango wa hospitali rafiki wa mtoto ulioanza mwaka 1991. Kwa kweli hatua hizo zilirudisha wodini mengi yaliyokuwa chumbani kwa mzazi: mama na mtoto walale pamoja, mtoto anyonye kila anapotaka, asipewe maji wala chakula kingine bila sababu ya kitabibu, na awepo mtu wa kumwonyesha mama. Kipya kilichokuwa na uzito ni kumweka mtoto kifuani mapema, ngozi kwa ngozi, akapata dang'a lake, pamoja na mafunzo ya kumpakata. Wauguzi walifundishwa kuangalia alama chache: mwili wa mtoto wote, si kichwa tu, umgeukie mama, kichwa na mwili viwe katika mstari mmoja, awe karibu sana na mama, mwili wake wote uegemezwe. Kisha mdomo ufunguke wazi, mdomo wa chini ubinukie nje, kidevu kiguse ziwa, na mtoto aingize sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu. Akishika chuchu peke yake, anaisaga kwa kaakaa. Hiyo ndiyo asili ya michubuko mingi, na dawa yake ya kwanza ni kumtoa kwa kuingiza kidole pembeni mwa mdomo na kumweka upya. Kunyonyesha kusiwe na maumivu: fundisho hilo peke yake liliwaokoa wengi waliokuwa wameambiwa wavumilie.

Mwaka 2001 Mkutano wa Afya Duniani ulipendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, badala ya minne hadi sita iliyosemwa hapo kabla. Lakini wakati huo hofu nyingine ilikuwa imeikalia Afrika Mashariki. Kupatikana kwa virusi vya UKIMWI katika maziwa ya mama kulijulikana tangu mwaka 1985. Utafiti uliofanyika Nairobi chini ya daktari Ruth Nduati na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kufikia miezi 24, asilimia 36.7 ya watoto walionyonyeshwa walikuwa wameambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 20.5 ya waliopewa maziwa ya unga. Hata hivyo vifo katika makundi mawili havikutofautiana sana, kwa kuwa waliokosa ziwa walikosa pia kinga yake. Kutoka Durban, utafiti wa Anna Coutsoudis na wenzake wa mwaka 1999 ulikuwa umeonyesha kwamba waliochanganyiwa vyakula waliambukizwa zaidi kuliko walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Kwa mama wa kawaida, miaka hiyo ilikuwa ya mateso. Kutonyonyesha kulimtangaza mtaani kuwa mgonjwa, na kunyonyesha kulimfanya ajione anamwua mwanawe. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2010 ndio uliofungua njia, ukimruhusu mama kunyonyesha huku yeye au mtoto akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha mabadiliko makubwa tangu hapo. Nchini Kenya, watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, wakafika 32 mwaka 2008–09 na 61 mwaka 2014, kisha 60 mwaka 2022. Tanzania ilipanda kutoka 41 mwaka 2004–05 hadi 59 mwaka 2015–16 na 64 mwaka 2022. Pumwani, ileile ya mwaka 1926, ilifungua mwaka 2019 benki ya maziwa kwa ajili ya njiti na watoto wengine ambao mama zao hawawezi kunyonyesha. Wanaochangia hupimwa kwanza, na maziwa hupashwa moto kwa nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30. Kwa Waislamu, maziwa ya benki yameleta tena suala la undugu wa kunyonya. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilizikataa benki hizo mwaka 1985, na wapo wanazuoni wengine walioziruhusu, kwa hiyo kumbukumbu za nani amempa nani zina uzito usio wa kitabibu tu.

Muda wa mama umehamia katika sheria za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini. Kenya ilitoa miezi mitatu katika sheria ya mwaka 2007, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea na kukamulia, chenye sinki na jokofu. Sheria hizi humfikia aliyeajiriwa rasmi, ilhali wanawake wengi wa nchi hizi ni wakulima, wachuuzi, mama lishe na wafanyakazi wa nyumbani, ambao siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula.

Kwa hao, msaada uliofika ni ujuzi wa kukamua kwa mkono, unaofundishwa kliniki bila kuhitaji mashine. Mama hunawa, hushika ziwa kidole gumba kikiwa juu ya weusi na cha shahada chini yake, husukuma kuelekea kifuani, hubana na kuachia, akizunguka ziwa zima bila kuburuta vidole juu ya ngozi. Maziwa hutiwa katika chombo safi chenye kifuniko. Yakiwekwa mahali pa kivuli hukaa saa kadhaa bila kuharibika, ila muda hupungua joto linapozidi. Anayebaki na mtoto humnywesha kwa kikombe kidogo, kwa kuwa kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa na hakimzoeshi mtoto chuchu ya mpira.